Siku Mukunde Alipopiga Magoti

Gauni refu alilovaa Mukunde siku ile lilisifiwa na kila aliyemwona, kuanzia mwenye nyumba wake hadi dereva wa teksi, naye akapokea sifa zote bila kumwambia mtu ukweli. Ukweli ni kwamba gauni lile lilichaguliwa na goti. Goti la kushoto lilikuwa limevimba tangu katikati ya juma, mtaalamu wa viungo akalibandika utepe wa buluu kulishikilia, na msichana anayekwenda kuonwa na mama mkwe hawezi kuingia sebuleni na mguu uliozibwazibwa kama mpira wa baiskeli.

Siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Mama Mukandekezi, mama yake Kenny, alikuwa ameomba kumwona binti kabla ya kuwatuma wazee kwao kwenda kumposa. Akimpenda, wazee wangekwenda mwezi huohuo. Asipompenda, hakuna ambaye angetamka hapana; mambo yangesogezwa mbele na kusogezwa mbele hadi mapenzi yafe yenyewe, maana familia zenye adabu ndivyo zinavyoua. Mukunde alilijua hilo. Umri ulikuwa umesogea, mwanaume aliyempenda kwa moyo wote alikuwa mmoja tu, na mwanaume huyo alikaa pembeni yake ndani ya teksi akipuliza pumzi kama mtu anayepoza chai.

Mara ya kwanza walikutana barabarani. Ilikuwa moja ya zile Jumapili ambazo magari hufungiwa barabara kubwa na nusu ya Kigali hutoka kukimbia. Mukunde alikimbia peke yake kama kawaida yake. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, akilelewa na bibi yake. Kigali alikuja kwa ajili ya kazi ya usimamizi wa zamu katika kiwanda cha nguo Masoro, na jiji hili safi halikumpa rafiki yeyote ila barabara zake. Hakuwa anatafuta medali. Alikimbia kwa sababu Jumapili chumbani ilimkaba koo. Basi akiwa katikati ya mlima, akasikia mtu nyuma yake anahema vibaya, na mtu huyo akamwomba kwa Kiswahili cha Mbarara, Uganda, apunguze mwendo kidogo, kwa sababu yeye anakufa na hapendi kufa peke yake. Mukunde alicheka mpaka akasimama. Alipogeuka akakutana na macho ya Kenny, na mimi ninayewasimulia sina haja ya kueleza zaidi, kila aliyewahi kupendwa anajua macho yale yanavyofanya kazi.

Kenny alikuwa na duka la makochi na vitanda kule Agakiriro, soko la mafundi seremala la Gisozi. Alikuwa mcheshi, mkarimu, mwoga wa nyoka na wa mama yake. Tangu siku ile hawakukosekana barabarani. Wikiendi zote walikimbia pamoja, wakinywa maji kwenye chupa moja, wakigombana nani alimwacha nani, na alfajiri moja pale juu, mji ukiwa bado umejifunika ukungu, Kenny alimshika uso kwa mikono yake yenye jasho akamwambia anataka kuzeeka naye. Mukunde akamvuta na kumkumbatia.

Maumivu yalianza kidogo tu. Kitu kama ncha ya sindano chini ya pia ya goti, kila walipoteremka mlima. Kenny alisema ni kawaida ya wakimbiaji, itaisha. Mukunde naye akajidanganya hivyohivyo, kwa sababu aliogopa. Wikiendi zile ndizo zilizomjengea mapenzi, akaona akiacha kukimbia atakuwa ameacha na mapenzi yenyewe. Kwa hiyo akakimbia na sindano yake. Sindano ikawa msumari. Ikafika mahali hata kuinuka kwenye kiti kiwandani alishika meza kwanza, na zamu nzima ya kusimama juu ya saruji ilimrudisha nyumbani akiburuta mguu.

Hatimaye Kenny mwenyewe ndiye aliyempeleka mtaa wa Muhima kwa mtaalamu wa viungo, dada mmoja mpole aitwaye Natacha. Tena hakumwacha mlangoni. Aliingia naye, akakaa kwenye kiti cha pembeni, akamshika mkono wakati Natacha anaibonyeza ile pia na Mukunde anauma meno. Natacha alisema gegedu ya nyuma ya pia imechubuka na goti limejaa maji. Likipumzishwa, na paja likajengwa upya kwa mazoezi ya polepole, atakimbia tena. Likilazimishwa, huenda asikimbie maisha yake yote.

"Mbio, basi," alisema Natacha. "Kuchuchumaa, basi. Na kupiga magoti usijaribu kabisa, hata kanisani. Mungu atakusikia ukiwa umekaa."

Walipotoka nje Kenny alitania kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kuona daktari anamkataza mtu kusali. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Mukunde akamuuliza kulikoni.

Kulikoni ilikuwa mama yake. Mama Mukandekezi alizaliwa na kulelewa Uganda, kwenye nchi ya wafugaji, na aliporudi Rwanda, nchi ya wazazi wake, alirudi na adabu za kule zote, hakuacha hata moja njiani. Kwake mwanamke husalimia mkubwa akiwa amepiga magoti. Pretty, dada yake Kenny, ana ofisi yake benki na watu wazima wanamwamkia, lakini akivuka mlango wa mama yake anashuka chini kama mtoto. Binti atakayeingia pale na kusalimia kwa kusimama atakuwa amejikataa mwenyewe.

Kwa Mukunde hilo halikuwa geni. Bibi yake alimlea hivyohivyo Karagwe; alipiga magoti kabla hajajua kusoma. Hakuwa na kiburi cha kumzuia. Alisema tu kwamba mama aambiwe ukweli mapema, goti ni bovu, heshima iko palepale. Kenny akakataa. Baba yake alilala kitandani miaka mingi baada ya ajali, mama akamuuguza peke yake hadi akamzika, na siku ya mazishi alitamka mbele ya watoto wake kwamba mgonjwa mwingine ndani ya nyumba hii hamtaki.

"Akisikia goti atasema naleta mgonjwa," Kenny alisema. "Akuone kwanza. Akupende kwanza. Mambo ya goti itakuja nyuma."

"Na akininyooshea mkono?"

"Niangalie mimi. Nitasema neno. Nitasema umetoka kazini umechoka, nitasema chochote. Usiogope, chérie. Mimi niko."

Mukunde aliliamini neno hilo, "mimi niko", kama mtu anavyoamini ukuta anapouegemea. Ndilo lililompandisha ngazi za nyumbani kwa kina Kenny, Gisozi, siku ile, hatua kwa hatua, mkono mmoja ukishika gauni na mwingine ukishika mkono wa Kenny, huku misumeno ya mafundi ikilia kule chini.

Sebule ya Mama Mukandekezi ilikuwa na makochi ya dukani kwa mwanawe, kila mgongo wa kochi umefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Mwenyewe alikaa kwenye kiti kifupi karibu na dirisha, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye macho yasiyo na haraka. Pretty alitoka jikoni na chupa ya chai ya maziwa. Alimkumbatia Mukunde kwa bashasha, akampa Kenny kikombe chake, halafu akashuka magoti mbele ya mama yake kumpa cha kwake, kwa wepesi wa mtu anayeokota pini, akainuka na kwenda kusimama ukutani. Njia ikabaki wazi.

Mama Mukandekezi akanyoosha mkono. Aliunyoosha chini, usawa wa kiti chake, kama anavyounyoosha mtu ambaye maisha yake yote mkono wake umepokelewa kutoka chini.

Mukunde akasimama mbele yake na kumtazama Kenny.

Kenny alikuwa anakoroga chai. Aliikoroga kwa bidii ambayo sukari ya duka zima isingeihitaji. Mukunde akangoja. Kijiko kiligonga kikombe, kikagonga tena. Hatimaye Kenny akainua uso na macho yao yakakutana, waziwazi, kama yalivyokutana siku ya kwanza mlimani, na Mukunde akaona kwamba ameona. Ameliona goti, ameuona mkono wa mama yake, ameiona na ahadi yake. Halafu akayateremsha macho yake kwenye kikombe. Kama angekuwa hakuona, Mukunde angemsamehe kabla jua halijatua.

Pretty alikohoa. Mkono wa mama ulianza kurudi polepole, wenye aibu, na uso wake ukaanza kufungika.

"Labda huko kwao wanasalimia wamesimama," alisema kwa upole, bila kumwambia mtu yeyote. Na upole ule ulikuwa ndiyo hukumu yenyewe.

Mukunde akashuka.

Alitanguliza goti la kulia, akajaribu kulibeba la kushoto hewani, lakini gauni lilikuwa limebana na mwili ukaegemea ulikoegemea. Pia ya goti iligusa zulia. Maumivu yalimpanda hadi kwenye meno, akasikia ladha ya chuma mdomoni, akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili na kuinamisha kichwa.

Na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana mama alifurahi.

"Nani amekufundisha wewe?" aliuliza, uso umemfunguka wote.

"Bibi yangu, Mama. Karagwe."

"Karagwe! Basi wewe ni mtoto yetu kabisa." Akaufunika mkono wa Mukunde kwa mkono wake wa pili na kuushikilia. "Bibi bado iko?"

"Bado yupo, Mama."

Wanaozijua salamu za watu wa kule wanajua haziishii kwenye bibi. Mama Mukandekezi aliuliza kuhusu baba, mama, ndugu waliobaki na waliohama. Aliuliza kama mvua imenyesha. Aliuliza ng'ombe wa bibi ni wa rangi gani, na yule mkubwa kuliko wote anaitwaje, na Mukunde alipolitaja jina la ng'ombe, mama alicheka kwa raha, akamwambia Pretty kwamba ng'ombe wa baba yake naye aliitwa hivyohivyo. Kila swali lilikuwa la upendo. Kila swali lilikuwa msumari. Jasho jembamba lilimteremka Mukunde mgongoni, akajibu kila kitu kwa sauti laini, na ndani ya kichwa chake alikuwa anasema neno moja tu, inuka, inuka, inuka, lakini binti haondoi mkono wake katika mkono wa mkubwa.

Alisikia mlio mdogo upande wa kulia. Akageuza macho bila kugeuza kichwa. Kenny alikuwa ameweka kikombe chini, ameshika simu, anawapiga picha. Alikuwa anatabasamu, mwanaume mzuri yule, amejaa furaha hadi machoni.

"Haya inuka, mwanangu," mama alisema mwishowe. "Inuka ukae karibu yangu."

Mukunde akaweka kiganja kwenye zulia na kujisukuma. Goti likatoa sauti kama kijiti kinachovunjwa, Pretty akaisikia kutoka ukutani. Alijaribu tena, mguu ukakataa, akaanguka upande na kukaa chini mbele ya kile kiti kifupi, gauni zuri limemkunjamana, na machozi aliyoyazuia tangu mlangoni yakatoka yote kwa pamoja.

Kenny aliruka. Lakini mama yake, pamoja na umri wake, alimwahi. Alishuka kutoka kwenye kiti akapiga magoti yeye mwenyewe mbele ya Mukunde, kitu ambacho Pretty hakuwahi kukiona, na kuushika upindo wa gauni.

"Niruhusu nione."

Mukunde akatikisa kichwa kukubali. Mama akafunua. Utepe wa buluu ulikuwa umebanduka upande mmoja, na chini yake goti lilikuwa jekundu, limejaa, ngozi inang'aa. Mama Mukandekezi aliuguza mtu miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa. Aliligusa pembeni kwa kidole kimoja tu, polepole.

"Bambe, pole mwanangu," alisema chinichini. "Hii si ya leo."

"Si ya leo, Mama."

"Na umepiga magoti."

"Ni heshima, Mama."

"Heshima gani hii?" Akageuka. Hakupaza sauti. "Kenny. Wewe ulijua?"

Mukunde alifungua mdomo kumkinga. Hata wakati ule, chini pale, bado alitaka kumkinga. Kenny akawahi kujibu kwamba alijua.

"Ulijua daktari amesema nini?"

"Nilikuwepo, Mama."

"Na ukakaa. Ukaniacha namushika mkono namuuliza habari ya ng'ombe."

Kenny alisema kwa haraka, kama mtoto anayeeleza kikombe kilichovunjika, kwamba aliogopa, kwamba yeye mama alisema siku ya kumzika baba kuwa mgonjwa mwingine hamtaki.

"Siku ya kuzika mtu," alisema Mama Mukandekezi, "unafikiri mimi nilikuwa na akili ya kusema? Ungeniuliza siku nyingine. Miaka yote hii ungeniuliza siku nyingine."

Pretty alitumwa barafu. Mama na binti yake wakamwinua Mukunde na kumlaza kwenye kochi, mto chini ya mguu, taulo la barafu juu ya goti. Mama aliomba msamaha kwa Kinyarwanda, akauomba tena kwa Kiswahili ili uingie vizuri. Alimwambia kwamba mkwe amempata, hatafuti mwingine. Wazee watakwenda, na yeye mwenyewe atakwenda nao hadi Karagwe akamwone huyo bibi aliyelea mtu namna hii. Alisema kwake hakuna tena magoti, Pretty naye asimame kama anataka. Kisha akamshika Pretty mkono wakaingia jikoni, mlango ukarudishwa.

Kila alichokuja kukitafuta Mukunde Gisozi alikuwa amekipata. Alikilaza moyoni akakiangalia, na hakikumpa joto lolote.

Kenny alikuja akakaa chini kwenye zulia, karibu na kichwa chake. Mukunde alinusa harufu yake ileile, ya mbao mpya na sabuni, na moyo wake ukamruka kama siku zote. Mwili ni mjinga, haupewi habari mapema.

"Nisamehe," Kenny alisema. "Nisamehe, Mukunde. Nilitaka kusema. Neno ilikuwa hapa." Akagusa koo lake.

"Najua. Nililiona."

"Nikafikiri ni dakika kidogo tu. Wewe ni mtu wa kukaza. Nikasema ataweza."

"Niliweza," Mukunde alisema. "Ulinipiga picha, Kenny."

Kenny akafunika uso. Alisema hakuwa na nia mbaya, alikuwa na furaha, alimwona mama yake anacheka ambavyo hajacheka tangu baba afe, akamwona yeye pale, akaona maisha yao yote yamenyooka.

"Ndiyo. Ulikuwa na furaha. Mimi nilikuwa nakufa pale chini, na wewe ulikuwa na furaha ya kweli kabisa. Hilo ndilo siwezi kuliondoa."

"Itafutika. Nitafuta picha, nitafuta kila kitu."

"Hujanielewa." Aliongea polepole, akitafuta maneno rahisi ili asije akaeleweka vibaya siku ya namna hii. "Ungekuwa umesahau, ningesema ni mwanaume, wanasahau. Hukusahau. Ulinitazama. Ulipima, mimi upande huu, aibu yako upande huu, ukachagua. Leo ni goti. Siku nyingine nitakuwa nimelala hospitali na watu wenu wamekuja na neno lao, au mtoto wetu atakuwa anaumwa, nami nitakutazama hivyohivyo. Nitakuwa nangoja nione macho yako yanakwenda wapi. Siwezi kuishi nangoja hivyo."

"Nipe nafasi moja. Mama amekupenda. Kila kitu iko sawa sasa, huoni? Kila kitu iko sawa."

"Mama yako amenipenda," Mukunde alikubali. Alinyoosha mkono akampapasa nywele, kwa sababu hakuweza kuzuia mkono wake, na Kenny akaulalia mkono ule na kulia bila sauti. Walikaa hivyo mpaka barafu ikayeyuka na maji yakalowesha kochi. Kwa nje mtu angesema wanapatana.

Kisha akatoa mkono wake. Alimwita Pretty, akamwomba amtafutie teksi.

Kenny alitaka kumbeba hadi barabarani. Alisema barabara ni mbali, ngazi ni nyingi, alimsihi. Mukunde akamwambia asimguse. Hakulisema kwa hasira, na labda kwa sababu hiyo Kenny alirudi nyuma kama mtu aliyepigwa. Mama upande mmoja na Pretty upande wa pili wakamteremsha, yeye akitanguliza mguu wa kushoto kila ngazi, akipumzika, akiendelea, majirani wakichungulia na Mama Mukandekezi akiwaitikia salamu bila kusimama. Pretty alikuwa analia waziwazi, rangi ya macho imemchuruzika mashavuni.

Teksi ilikuwa imeshafika. Wakamketisha nyuma, mguu umenyooshwa juu ya kiti. Mama akabaki ameinama dirishani, mkono kwenye mlango, akahema kwanza.

"Wazee watakuja kwenu mwisho wa mwezi," alisema. "Wewe upumzike tu. Mambo yote nitafanya mimi."

"Usiwatume, Mama."

Mama Mukandekezi akamtazama. Alikuwa amesikia, alitaka tu iwe hakusikia.

"Kwa sababu ya goti, mwanangu?"

"Goti litapona, Mama," Mukunde alisema, ingawa hata hilo hakuwa na hakika nalo.

Yule mama hakubisha. Alimpapasa shavu kwa kiganja chake kikavu, akaondoa mkono kwenye mlango, na kusogea nyuma alipokuwa Pretty. Juu yao, katikati ya ngazi, Kenny alikuwa amesimama na viatu vya Mukunde mkononi. Katika vurugu zile vilisahaulika sebuleni. Alishuka ngazi mbili, akasimama. Mukunde alimwona kupitia kioo, na moyo wake wote ukamtoka kumfuata. Alikuwa anampenda, hakuwa ameacha kumpenda hata kwa dakika moja, na alijua kabisa Kenny akishuka hadi chini, akifungua mlango huu na kuingia, hatakuwa na nguvu za kumtoa. Akangoja ashuke.

Kenny alimtazama mama yake kwanza, kama anayeomba ruhusa.

Mukunde akamwambia dereva aende.